Jemu yenye pombe kidogo imekataa: soma dalili kwanza, ndo urekebishe

Mtu akipika jemu ya kawaida ikaharibika anajiuliza kuhusu sukari au moto, lakini akitia vijiko viwili vya ramu mwishoni ikaharibika, lawama zote zinaenda kwa ramu. Mara nyingi ramu haihusiki kabisa, tatizo lilishaingia kwenye sufuria nusu saa kabla chupa haijafunguliwa. Upande wa pili kuna wanaoamini pombe ndo itailinda jemu isiharibike, kwa hiyo wanapunguza sukari, wanafunga chupa juujuu tu, baada ya wiki chache wanakuta ukungu. Sasa lielewe hili kabla hujaanza kutafuta mchawi: pombe kwenye jemu kazi yake ni harufu na ladha. Haisaidii jemu kushika, haiihifadhi, na ikizidi inaivuruga.

Kinachoshikisha jemu ni pektini, yaani ule ute wa asili wa kwenye tunda (au wa paketi), tindikali, sukari, na joto la kutosha. Vyote vinne vinategemeana, kimoja kikipungua vingine haviwezi kuziba pengo lake. Kwa hiyo kabla hujagusa chochote kaa chini ukumbuke ulitumia tunda gani, lilikuwa limeiva kiasi gani, sukari ulipima au ulikadiria, ulichemsha ukaishia wapi, na pombe uliingia nayo muda gani na kiasi gani. Ukijibu hayo kwa ukweli chanzo huwa kinajionyesha chenyewe.

Imekuwa majimaji, haijashika

Hili ndo lalamiko kubwa kuliko yote. Kwanza subiri. Jemu ya moto huwa majimaji hata kama imepikwa vizuri, inaanza kushika ikipoa, na zingine zinachukua siku mbili tatu mpaka zitulie, kwa hiyo usihukumu usiku uleule, iache chupani bila kuitikisatikisa saa 24, ikiwezekana 48, ndo uinamishe chupa uangalie. Ikiwa bado inatembea, haya sasa.

Sababu ya kwanza na ya kawaida kabisa ni kwamba haikufika pale ilipotakiwa kufika kwenye joto. Jemu iko tayari ikifika nyuzi 104 mpaka 105 za Selsiasi, lakini hiyo ni kwa anayepikia usawa wa bahari. Kanuni yenyewe ni kwamba inatakiwa ipite kiwango cha kuchemka kwa maji kwa nyuzi 4 au 5, na maji yanachemka chini zaidi kadiri unavyopanda juu, karibu nyuzi 1 kwa kila mita 300. Anayeishi mita 1500 maji yake yanachemka kwenye 95 hivi, kwa hiyo jemu yake iko tayari kwenye 99 au 100, na akikaa kuisubiri 105 ataiunguza. Dawa ni rahisi sana, kabla ya kuanza chemsha maji matupu, tumbukiza themometa, soma inasema ngapi, afu jumlisha nne na nusu. Hapo umesahihisha na themometa yenyewe kama inadanganya.

Huna themometa? Tumia sahani. Weka visahani viwili vitatu kwenye friza kabla hujawasha jiko. Ukihisi jemu imekaribia, zima moto (wengi hawazimi, jemu inaendelea kuiva wakati wao wanapima), dondosha nusu kijiko cha chai kwenye kisahani cha baridi, irudishe friza dakika moja, afu isukume na ncha ya kidole polepole. Ukiona ule uso wa juu unajikunja mikunjo mbele ya kidole na njia uliyopitisha haijifungi, imefika. Ikiteleza tu bila kukunjamana na njia ikajifunga, bado, rudisha motoni dakika tatu upime tena na kisahani kingine. Kipimo hiki kinafanyika KABLA ya pombe. Ukishatia pombe ukapima utaiona imelegea kidogo, utapaniki, utairudisha motoni, na harufu yote uliyoitafuta itaondoka na mvuke.

Sababu ya pili ni tunda lenyewe. Matufaha machachu, mapera, plamu, maganda na mbegu za machungwa na malimau, hayo yana pektini ya kutosha. Stroberi, nanasi, pichi, peasi na cheri zinazo kidogo, na hayo ndo watu wanapenda kuyachanganya na pombe, ndo maana kesi za jemu ya stroberi na ramu isiyoshika haziishi. Halafu tunda likiiva sana pektini yake inakuwa imeshavunjika, kwa hiyo ile tabia ya kupeleka kwenye jemu matunda yaliyoanza kulegea ili yasipotee inaleta shida. Chukua mengi yaliyoiva vizuri, na kama robo yake yawe bado yana ugumu kidogo. Kwa matunda yenye pektini ndogo, funga mbegu na maganda ya limau kwenye kitambaa safi, pika pamoja, mwishoni ukikamue hicho kitambaa humo humo ndani ya sufuria, ule ute unaotoka ndo pektini yenyewe.

Kuna kipimo cha kujua pektini iko kiasi gani kabla hujamaliza sukari yako. Chukua kijiko kimoja cha chai cha juisi ya tunda lililoshachemshwa, ipoe, changanya na vijiko vitatu vya spiriti kali, ile ya asilimia 70 kwenda juu, tikisa taratibu, subiri dakika. Ikijikusanya bonge moja unaloweza kuliinua na uma, pektini ipo tele. Ikiwa vipandevipande dhaifu, iko ndogo, ongeza ya paketi au ya limau. Mwaga hicho ulichopimia, usionje hata kidogo, spiriti nyingi za namna hiyo zimewekwa sumu makusudi zisinywewe.

Sababu ya tatu, tindikali. Pektini haishikani vizuri bila uchachu, pH, yaani kipimo cha uchachu (namba ikiwa ndogo uchachu ni mkubwa), inatakiwa iwe kama 2.8 mpaka 3.5. Tunda likiwa tamu tu bila ukali wowote, juisi ya limau vijiko 2 mpaka 4 vya chakula kwa kilo moja ya tunda ndo kiasi cha kawaida. Kwa papai, ndizi, tini na matikiti hapo hatuzungumzii kushika peke yake, hayo yana tindikali ndogo mno kiasi kwamba chupani hayako salama bila kuongezewa, kwa hiyo fuata resipe iliyopima limau yake na usiipunguze kwa sababu unaona inachachuka.

Ya nne ni sukari. Jemu ya kawaida ikiiva inakuwa na sukari kama asilimia 65 ya uzito wake, chini ya 60 pektini ya kawaida inaanza kugoma. Mtu anasoma resipe inasema kilo kwa kilo, anaona ni nyingi, anaweka nusu, afu anashangaa. Ukitaka sukari ndogo kuna pektini maalum inayoshika kwa kalisiamu badala ya sukari, inunue hiyo, ila usiikate sukari kwenye resipe ya kawaida.

Na ya tano ndo pombe, pale tu ilipozidi. Tuchukue mfano wa sufuria iliyotoa kilo moja na nusu ya jemu yenye sukari asilimia 65, yaani gramu 975 za sukari humo ndani. Ukitia mililita 30 za ramu karibu hakuna kinachobadilika. Ukitia 60 unashuka mpaka 62 na nusu hivi, bado inashika ingawa laini kidogo. Ukitia 100 uko kwenye 61, umesimama ukingoni. Ukitia 200, kama wanavyofanya wanaomimina kwa macho, umeshuka chini ya 58 na hapo hakuna jemu, kuna shira ya matunda. Ndo maana mi nasema vijiko viwili vya chakula kwa kilo ya tunda ndo kianzio, vinne ndo mwisho, na ukiamua vinne basi ipike ipite kidogo kiwango chako cha kawaida, nyuzi 1 zaidi, ili ikilegezwa na pombe irudi pale pale. Zile pombe tamu za machungwa au za cheri zina sukari yake kwa hiyo zinalegeza kidogo kuliko ramu, ila kipimo kisizidi hicho hicho.

Waini ni habari nyingine. Waini ina alkoholi asilimia 12 au 13 tu, iliyobaki karibu yote ni maji, kwa hiyo haiwekwi mwisho. Inaingia mwanzo pamoja na tunda, inachemka, maji yanatoka, inabaki ladha.

Kuirekebisha jemu iliyolegea inawezekana kama haina siku nyingi. Imwage yote kwenye sufuria pana, isizidi nusu ya kimo cha sufuria, anza na moto mdogo sana maana alkoholi iliyomo itatoka kwanza na itafoka, afu kila lita moja ya jemu iongezee vijiko viwili vya chakula vya juisi ya limau, pandisha moto ichemke kwa nguvu dakika tatu nne, pima kwa sahani. Ikishika zima, subiri kidogo, ongeza kijiko kimoja cha pombe kurudisha harufu, jaza kwenye chupa zilizooshwa upya na mifuniko mipya. Kuna hali moja ambayo kuchemsha tena hakusaidii: jemu ikiwa imeshakuwa nyeusi, inanukia sukari ya kuungua, na bado ni majimaji. Hiyo ilipikwa mpaka pektini ikavunjika, ukiichemsha unaivunja zaidi. Ongeza pektini ya paketi kwa maelekezo yake, au ikubali iwe shira ya kumwagia keki, itakuwa shira nzuri tu.

Imekuwa ngumu, kijiko kinasimama

Umepitisha moto, au umetia pektini ya paketi kwenye tunda ambalo tayari lilikuwa na yake. Hapa watu wanafikiria kuilegeza kwa kuongeza pombe chupani. Usifanye, ya juu inalowa, ya chini inabaki jiwe, na mfuniko ulioziba umeshaufungua. Ipashe moto taratibu na maji ya moto au juisi kidogo, kijiko baada ya kijiko, mpaka ilainike, kisha pombe mwisho kama kawaida.

Niliweka pombe lakini haisikiki

Iliingia mapema. Alkoholi inachemka kwenye nyuzi 78 na jemu iko 104, kwa hiyo ukimimina wakati bado inatokota, harufu unayoisikia imejaa jikoni ndo ile iliyotakiwa ibaki chupani. Hata waliolowesha matunda kwenye brandi usiku kucha wanakutana na hili, tunda limekunywa brandi vizuri lakini dakika ishirini za moto zimeitoa. Wekea pembeni vijiko viwili vya ile brandi ya kulowekea, vitie mwisho kabisa moto ukiwa umezimwa.

Ila kutosikika sio kwamba imeisha, na hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu kuna watu linawahusu sana. Majedwali ya idara ya kilimo ya Marekani yanaonyesha pombe ikitiwa kwenye kitu kinachochemka na kuondolewa motoni hapo hapo, kama asilimia 85 ya alkoholi inabaki. Ikichemka dakika 15 inabaki 40, nusu saa 35, saa nzima bado 25. Kwa vijiko viwili kwenye kilo na nusu ya jemu ni kiasi kidogo, haifiki hata asilimia 1, lakini sio sifuri. Asiyegusa pombe kwa sababu ya dini, mama mjamzito, mtoto, mtu aliyeacha pombe kwa shida au aliye kwenye dawa zisizopatana nayo, wote hao wana haki ya kujua kabla hawajapaka kwenye mkate. Andika kwenye lebo ya kila chupa kwamba ina pombe, andika na aina yake. Kama unataka za wote, jaza kwanza chupa za bila pombe, afu tia pombe kwenye iliyobaki sufuriani, jemu moja unapata mbili.

Inachoma puani, ladha ya pombe imefunika tunda

Imezidi, au umeonja mapema. Siku ya kwanza pombe inakaa juu juu, haijazoeana na tunda, ukiiacha wiki mbili mahali pa giza pasipo joto inatulia. Kama baada ya hapo bado inachoma basi ulimimina nyingi, na hapo njia iliyobaki ni kupika jemu nyingine ya tunda hilo hilo bila pombe uzichanganye zikiwa za moto, maana kuichemsha peke yake kutaipunguza ukali ila kutaifanya ngumu. Chaguo la pombe nalo linachangia. Pombe ya bei ya chini yenye ukali mbichi itabaki na ukali wake, jemu haiwezi kuificha. Na usiiweke yenye moshi mzito kwenye tunda jepesi kama pichi, hiyo wiski yenye moshi ipeleke kwenye machungwa machungu, huko inakaa vizuri sana.

Ilifoka nilipomimina, au ilishika moto

Hapa naomba usome polepole. Ramu au wiski ya asilimia 40 inaanza kutoa mvuke unaoweza kuwaka kwenye nyuzi 26 hivi, yaani hata ikiwa mezani siku ya joto. Sasa uipeleke kwenye jemu ya nyuzi 104, juu ya moto wa gesi ulio wazi. Kile kinachotokea ni cha haraka, inalia chaaa, inainuka povu mpaka ukingoni, matone ya sukari yanaruka, na mvuke unashuka pembeni ya sufuria kuufuata moto. Sukari ya moto ikigusa ngozi inagandia hapo hapo na kuendelea kuunguza, ni mbaya kuliko maji ya moto.

Utaratibu ni huu. Zima jiko, sio kupunguza, zima, na majiko ya jirani pia. Toa sufuria uiweke pembeni. Subiri mpaka isiwe inatoa mapovu tena, dakika tatu mpaka tano hivi, ikishuka kwenye 90 hivi ndo muda mzuri, usingoje zaidi kwa sababu jemu inatakiwa iingie chupani ikiwa bado 85 kwenda juu. Pombe uwe umeshaipima kwenye kikombe kidogo, chupa kubwa ikae mbali, kamwe usimimine moja kwa moja kutoka kwenye chupa. Uso pembeni, mwiko mrefu, tia kijiko kimoja huku unakoroga, subiri kitulie, tia kingine. Ikishika moto licha ya yote funika na mfuniko wa sufuria, usimwagie maji.

Kukoroga huko kuna sababu nyingine. Ukikumbuka kile kipimo cha spiriti, pombe kali inaifanya pektini ijikusanye. Ndo maana wanaomimina yote kwa mpigo sehemu moja wanakuta nyuzinyuzi na vibonge vya ute kwenye jemu ambayo ilikuwa laini. Vikitokea, rudisha moto mdogo ukoroge mpaka viyeyuke, ukubali kupoteza harufu kidogo.

Inanukia pombe kuliko niliyoweka

Fungua chupa usikilize. Ikitoa pshii, ukaona mapovu madogo yanapanda pembeni ya kioo, mfuniko umevimba, ladha ina uchachu wa kuwasha ulimi, hiyo sio ramu yako, imechacha. Hamira za hewani zimeingia zikala sukari. Hapa ndo pombe inaposumbua watu, kwa sababu jemu isiyo na pombe ikinukia pombe unaitupa papo hapo, lakini hii unajiambia ah, si niliweka brandi. Pombe yako haitoi gesi. Gesi ikiwepo tupa, hata ukionja ukaona iko sawa.

Chanzo huwa ni sukari ndogo, jemu iliyolegea, au chupa zisizochemshwa. Na nirudie, alkoholi chini ya asilimia 1 haizuii chochote kuota, waini yenyewe ya asilimia 12 ikiachwa wazi inaharibika.

Ukungu juu

Usikwangue ukala ya chini. Ukungu unaouona ni sehemu tu, mizizi yake na sumu zake vinaweza kuwa vimeshuka ndani. Tupa chupa nzima. Kumwagia pombe kidogo juu kabla ya kufunga, au kuweka karatasi iliyolowa brandi, watu wamefanya hivyo miaka na miaka lakini hakuchukui nafasi ya kuziba vizuri, na nta ya kumwagia juu nayo haishauriwi tena kwa sababu inapasuka pembeni. Kinachofanya kazi ni chupa za moto safi, jemu ya moto, uache nafasi ya milimita 6 hivi juu, ufute mdomo wa chupa kwa kitambaa safi (tone moja la jemu pale mdomoni linatosha mfuniko usishike), funga, afu zichemshe chupa ndani ya maji yanayozifunika dakika 10, na ukiwa juu ya mita 1800 hivi ufanye 15. Zikipoa bonyeza katikati ya mfuniko. Ukibonyea na kurudi, haijaziba, hiyo iweke friji uimalize ndani ya wiki tatu nne.

Chembechembe za sukari

Sukari haikuyeyuka yote kabla jemu haijachemka, au ni nyingi kuliko tunda, au tindikali haikutosha. Angalia kwanza zile punje zilizogandia ukutani mwa sufuria juu ya usawa wa jemu, zikidondoka mwishoni zinaambukiza chupa nzima, zisafishe kwa brashi iliyolowa maji. Weka moto mdogo, koroga mpaka usisikie mkwaruzo chini ya mwiko, ndo upandishe. Kwa jemu ya zabibu inaweza kuwa sio sukari kabisa, ni tindikali ya zabibu yenyewe inajigandisha, haina madhara.

Mengine ya harakaharaka

Matunda yameelea juu na chini kuna ute mtupu: ulijaza mapema sana. Loweka tunda lisilo na ganda gumu na sukari usiku mzima kabla ya kupika, na ukishazima acha itulie dakika chache ukoroge. Kwa bahati ule ule muda wa kusubiri kutia pombe unafanya kazi hiyo pia, vipande havielei tena.

Maganda yamekuwa magumu mdomoni: sukari iliingia kabla ganda halijalainika, na ikishaingia halilainiki tena hata ukipika saa mbili. Pika tunda na maji kidogo mpaka ganda libonyee kwa vidole, ndo sukari.

Povu jingi: kipande cha siagi nusu kijiko cha chai mwishoni kinalishusha, au engua mara moja tu ukishazima. Usiengue kila dakika, unapoteza jemu.

Maji yanatoka juu ya jemu iliyoshika: tindikali imezidi au chupa zinakaa sehemu yenye joto. Inalika, koroga tu.

Rangi imefifia au kuwa kahawia: ulipika nyingi kwa mpigo. Kilo mbili za tunda kwa sufuria ndo mwisho, zaidi ya hapo inachukua muda mrefu mno kufika. Ladha ya chuma je? Sufuria ya aluminiamu na tindikali havipatani, tumia ya stainlesi.

Chupa imepasuka chini wakati wa kujaza: chupa ya baridi, jemu ya moto. Ipashe chupa kwenye oveni au maji ya moto na uiweke juu ya ubao au kitambaa, sio juu ya marumaru.

Imekatika, ina vidoa vyeupe

Hiyo ni pombe ya krimu, ile ya wiski na maziwa. Maziwa yakikutana na tindikali ya tunda yanakatika, hakuna namna ya kuyarudisha, na zaidi ya sura yake mbaya jemu yenye maziwa haitakiwi kukaa kabatini hata ikizibwa vipi. Kama umeshaitia, weka friji na iliwe ndani ya siku tatu nne. Kama ladha hiyo ndo unayoipenda, pika jemu yako kawaida, na siku ya kula chota kiasi kwenye kibakuli, ipoe, ndo uchanganye na krimu yako hapo mezani.